Jina Chini ya Karatasi

Siku mbili kabla ya Krismasi yetu, soko la Shiro Meda halipitiki. Addis Ababa nzima huwa imekumbuka kwa pamoja kwamba haina nguo nyeupe. Wanawake wanavutana netela, zile shuka nyepesi za kujitanda, wanaume wanabeba vifurushi wasivyovijua bei, na kila duka linamwaga pamba nyeupe mpaka barabarani.

Mestawet hakwenda pale kununua kitu. Nakaa naye ukuta kwa ukuta huku Gulele, najua mfuko wake ulikuwa na nini siku ile: kalamu, daftari na nauli ya kurudi. Alisimama mlangoni mwa duka moja jembamba, kavaa sweta la kijivu lililovutika mikono, nywele kazifunga hovyo, akasikiliza muuzaji akibishana na mama mmoja mnene.

"Mama, hii rangi ni kijani."

"Kijani gani hiki? Kijani hiki kimeugua!"

"Basi kiombee, mama yangu. Wewe ndiye unayetoka kanisani."

Mestawet akaandika upesi. Muuzaji akafunga mdomo, naye akaacha kuandika. Muuzaji akafungua mdomo tena, kalamu ikaanza.

"Wewe dada wa mlangoni! Unanunua au unaniandika?"

"Naandika vitu vya kununua."

"Hebu nisomee."

"Ni siri."

"Vitunguu vina siri gani? Sema ukweli, wewe ni mtu wa kodi?"

Duka zima likacheka. Mestawet akaona haya, lakini hakuondoka. "Mimi mwandishi," akasema.

"Wa magazeti?"

"Wa uongo. Wa hadithi."

"Aa! Basi umefika nyumbani. Hapa sokoni tunao uongo wa kila rangi, mpaka huo wa kijani kilichougua."

Alikuwa mrefu, mwembamba, koti lake la ngozi limechubuka viwiko, na akicheka alionyesha mwanya wa meno ya mbele. Jina lake Yaregal. Akachagua netela moja yenye nakshi ya zambarau ukingoni, akamtupia mabegani bila kuuliza, akarudi nyuma kumtazama.

"Ichukue. Lakini siku nikimkuta kwenye kitabu chako mtu mwenye mwanya kama wangu, nitakuja kuivua hiyo netela mwenyewe."

"Utakuja mpaka kwangu?"

"Nipe namba ya simu nisipotee njia."

Namba akapewa. Loo, mambo mengine mtu huyasema kwa mzaha, na baadaye unatamani ungemziba mdomo.

Jioni simu ikalia.

"Halo, muuza uongo."

"Halo, muuza mashuka."

"Umekula?"

"Nimefunga. Na wewe pia umefunga, au wewe ni Mkristo wa netela tu?"

"Nimefunga nyama. Sijafunga kupiga simu."

Nilimsikia akicheka mpaka upande wangu wa ukuta. Mestawet hakuwa mtu wa kucheka peke yake ndani ya nyumba, basi nikajua kuna jambo.

Sasa lazima niseme jinsi alivyokuwa akifanya kazi, maana msiba wote ulitokea hapo. Kila alfajiri alijifunga netela akaenda kanisani. Siku nyingine aliingia. Siku nyingine alijiona hastahili, akabusu jiwe la lango na kusali nje ya ukuta pamoja na wengine wanaosimama nje. Kisha akarudi, akaandika kwa mkono mpaka adhuhuri. Na kila mtu aliyemtunga, kabla hajamwandikia hata sentensi moja, alimpa jina la ubatizo, akamwombea kwa jina hilo siku saba.

Jina la ubatizo kwetu halitembei mitaani. Analijua aliyekuzaa, mama yako wa ubatizo na baba wa nafsi yako, yule padri unayemwungamia, basi. Ndilo linalotajwa mbele ya madhabahu ukiwa hai, na ndilo litakalotajwa juu ya jeneza lako. Mtu mwenye nia mbaya akilipata, mama zetu hukosa usingizi. Majina ya watu wake wa hadithini Mestawet aliyaweka kwenye kidaftari alichokifunga uzi, na hakuna hata moja lililowahi kuchapishwa.

"Kwa hiyo unawaombea watu wasiokuwepo?" Abba Sereke, baba wa nafsi yake, alimuuliza.

"Wapo, Abba. Ila hawajafika. Nisipowaombea wanabaki wamelala kwenye karatasi."

Abba alicheka, akamwacha. Nadhani hata yeye leo anajuta kucheka.

Mapenzi yalikolea. Yaregal alikuja kila Jumapili na mkate wa moto, akakaa kwenye kigoda kifupi mno kwa magoti yake marefu, akamsikiliza akisoma. Hakuwa mtu wa vitabu, lakini alijua kitambaa kilichofumwa vizuri, na alisikia sentensi kwa sikio hilohilo.

"Hapo umekaza uzi sana," alimwambia. "Hapo ndiyo, tumbo langu. Hapo acha hivyohivyo."

Kwetu unayempenda ni tumbo lako. Mestawet alimwita hivyo naye, na mimi nikipita na sufuria yangu nikawakoholea kusudi.

"Wewe jirani, una kifua au una wivu?" Yaregal aliniuliza.

"Nina vyote viwili!"

Mwezi wa Hamle, mvua zikimwagika bila kupumzika, baba yake Yaregal akafariki. Wiki tatu baada ya maziko yeye na Mestawet walikuwa wamekaa chini ya paa la ukuta wa kanisa, wamejifunika netela moja, maji yakichuruzika miguuni. Yaregal hakuwa amelia mbele ya mtu yeyote. Pale akalia.

"Unaniombea?" akauliza.

"Kila alfajiri."

"Kwa jina gani?"

"Yaregal. Nina lingine?"

Yaregal akamsogelea sikioni akamwambia jina lake la ubatizo. Silitaji hapa, na msinitazame hivyo, sitalitaja. Lilikuwa jina la nadra, mama yake alilipata kwa nadhiri baada ya kupoteza watoto wawili.

"Kama unaniombea, niombee kwa jina ninalojulikana huko juu," akasema. "Sasa nipe na lako."

Mestawet akatazama mvua. "Nitakupa siku ya harusi."

"Mchoyo wewe!"

"Subira, tumbo langu."

Aliniambia baadaye kwa nini hakulitoa. Si uchoyo. Alijua tabia yake: kila alichopewa na watu, neno, kicheko, kilio, mwisho wake kilikwenda kwenye daftari. Aliogopa kumpa mtu ambaye huenda ni kama yeye mwenyewe. Alijijua hivyo, na bado alilipokea jina la mwenzake.

Kitabu alichokuwa akiandika kilikuwa cha muuza netela wa Shiro Meda anayemngoja mwanamke miaka kumi na miwili, na katika sura ya mwisho anakufa. Hadithini anaitwa Abayneh. Yaregal alijua kwamba ni yeye. Alisikia sura zote akacheka mwanya ulipotajwa, akasema ataivua ile netela, akapigwa kwa mto. Sura ya mwisho tu hakusomewa, ilikuwa bado.

Sura ile ilikataa kuandikika. Kuhani amesimama juu ya jeneza, anaimba sala ya wafu, na pale lazima amtaje marehemu kwa jina la ubatizo. Safari hii jina lilitakiwa lionekane kwenye karatasi. Mestawet akaliweka lile alilompa Abayneh kwenye kidaftari, likalala chali. Akalikata, akaweka lingine. Majina sita aliyaweka, sita akayakata, siku tisa nzima. Siku ya kumi akaandika la Yaregal, ili tu aone.

Akalia mpaka nikagonga ukuta kuuliza kuna nini.

"Hakuna kitu!" alinijibu. "Nimemaliza kitabu!"

Angeweza kulitoa. Gash Lemma, mhariri, mzee makini asiyependa makosa, akisoma mswada huo wa mkono aliliwekea duara la penseli, akaandika pembeni: Jina hili halitokei pengine popote. Una hakika? Mestawet alikaa na swali lile usiku na mchana, akaenda kanisani akasimama nje ya ukuta, akarudi. Akaandika chini yake: Ndiyo. Libaki.

Kwa nini? Mimi nilimuuliza, sikumbembeleza. Akaniambia, "Ukurasa ulikuwa hai. Sikuwa na moyo wa kuuua." Nikamwambia, na mtu je?

Kitabu kikatoka, watu wakakipenda. Yaregal alinunua nakala tano akazipanga dukani juu ya mashuka, akamwambia kila mteja, "Huyu mwandishi ni wangu, na huyu marehemu ni mimi!" Yeye mwenyewe mwisho hakuusoma. Alisema hataki kujiona akifa, atausoma wakishaoana. Wazee wa kwenda kuposa walikwisha chaguliwa, watatu, mmoja mwenye ndevu nzuri kabisa. Wangekwenda mara tu baada ya Pasaka.

Kisha Kwaresima ikaingia, na redio ikaanza kukisoma kitabu kile kila Jumapili saa nane mchana. Mtaa mzima ulisikiliza. Nilisahau chungu cha shiro, mchuzi wetu wa unga wa dengu, jikoni kwa sababu ya kitabu kile, kikaungua, na sikujuta.

Jumapili ya sura ya mwisho, mtu wa redio alitaka kuipendezesha kazi yake. Akamleta shemasi wa kweli mwenye sauti, aimbe sala ya wafu kama inavyoimbwa makaburini.

Mama Zenebech, mama yake Yaregal, hakuwa msikilizaji wa hadithi. Alikuwa akichagua dengu kwenye ungo, mjukuu wa jirani akafungua redio akatoka. Alichosikia ni hiki: mfanyabiashara wa mashuka wa Shiro Meda amefariki. Halafu sala. Halafu jina la mwanawe, lile ambalo nje ya kanisa hakuwahi kulisikia kinywani mwa mtu, likiimbwa mara tatu katika sala ya maiti.

Ungo ulianguka. Akampigia mwanawe simu, haipatikani. Akapiga tena. Yaregal alikuwa kwa wafumaji bondeni, simu imeisha chaji. Mama Zenebech akajipiga kifua, akatoka nje na kilio, na watu wa mitaa yetu wakisikia kilio hawaulizi maswali, wanaleta mikeka. Watu wa chama cha mazishi wakaja na turubai. Ndani ya saa moja nguzo zilikuwa zimesimama.

Yaregal akafika jioni na furushi la pamba begani, akakuta turubai mlangoni kwao.

"Nani amekufa?" akamuuliza wa kwanza aliyemwona.

Yule mtu akamtazama, akapiga ishara ya msalaba, akakimbia.

Kuna waliocheka baadaye. Mama Zenebech hakucheka. Aliambiwa ni kitabu, ni redio, ni uongo wa hadithi, akajibu, "Sala si uongo. Amesomewa sala ya wafu kwa jina lake, naye yu hai. Nani amelitoa jina la mwanangu?" Siku saba alimpeleka mlimani Entoto kwenye maji ya baraka, kila alfajiri, mtu mzima wa miaka thelathini na nne anamwagiwa maji ya baridi kichwani ili mama yake apate kulala. Yaregal hakuamini kwamba atakufa. Lakini alikwenda, na kila ndoo iliyomwagwa alijiuliza swali moja.

Siku ya nane akapiga simu.

"Mestawet."

Hakusema tumbo langu. Mestawet akakaa chini sakafuni.

"Nakusikiliza."

"Nijibu kwa neno moja tu. Lilikuponyoka?"

Angeweza kusema hapana pale pale. Ndiyo mlango wenyewe, uko wazi, na mwenye kuufungua anamngoja upande wa pili wa simu. Mwanamke anayejua maneno yote ya nchi hii, na hilo moja likamshinda.

"Liliniponyoka," akasema. "Nilikuwa nakuombea na kuandika kwa wakati mmoja. Sikuona."

Yaregal akavuta pumzi ndefu. "Basi ni bahati mbaya."

"Ni bahati mbaya."

"Mama nitamweleza. Itachukua muda. Nilifikiri ulijua. Nilifikiri umeliangalia ukaliacha. Hilo lingeniua kweli."

Kesho yake Mestawet akaenda kwa Abba Sereke akaungama, yote, na uongo wa kwenye simu pia.

"Jina linarudishwaje, Abba?"

"Halirudishwi. Lakini uongo unaweza kuurudia ukauvunja. Anza na huo."

"Nitamkosa."

"Sikusema hutamkosa," Abba akasema.

Hakuanza na huo. Alianza na gundi. Alinunua chupa kubwa, akakata vipande vya karatasi nyeupe vya upana wa kidole, akazunguka na mfuko. Piaza, Arat Kilo, Leghar, kila muuza vitabu wa kando ya barabara alimjua. "Mwandishi wa gundi kaja!" walipiga kelele. Alichuchumaa kwenye vumbi, akafungua nakala moja moja ukurasa wa mwisho, akalibandika jina. Waliokwisha kununua aliwafuata nyumbani. Mmoja alimfukuza na mbwa. Mwingine alikataa, akasema kitabu kilichobandikwa hakisomeki vizuri, na Mestawet akapiga magoti mlangoni mwake mpaka yule mtu akaona aibu, akakitoa. Redio nao waliahidi sura ile haitarudiwa.

Yaregal alisikia. Nani asingesikia, mji mzima ulikuwa ukimcheka. Jumamosi moja akamkuta Piaza, netela ya zambarau imeingia gundi pindoni, vidole vimekauka vyeupe.

"We mwanamke, utabandika mpaka lini?"

"Mpaka ziishe."

"Na zilizokwenda Gondar? Na Dessie?"

"Kuna mabasi."

Akamtazama hivyo alivyo, kachuchumaa, kakonda, akacheka. Mwanya ukaonekana. Akachuchumaa naye, akashika kitabu. "Lete gundi. Wewe fungua, mimi nabandika. Ni jina langu, nina haki ya kulifunika mwenyewe."

Wakabandika pamoja mpaka jua likashuka. Njiani Yaregal akamwambia kuwa mama yake amepoa, jana amemtaja Mestawet bila kulia. Wazee bado wako tayari, yule wa ndevu amezichana.

"Tumbo langu," akasema, "mambo yatakaa sawa."

Mestawet akatembea kando yake akiwa na furaha na hofu kwa kiasi kimoja. Alijiambia atamwambia wakifika nyumbani. Kahawa ikishaiva, atamwambia.

Nilikuwepo mwenyewe, niliitwa kwa kahawa. Nyasi zimetandazwa sakafuni, ubani unafuka, Mestawet kavaa gauni lake jeupe la pamba, anakaanga kahawa kwenye kikaango, uso umewaka. Yaregal anaendelea kubandika vitabu, karatasi zikaisha.

"Nikate zipi?" Yaregal akauliza.

"Chukua karatasi za mswada hapo rafuni, upande wa nyuma ni mweupe," akasema bila kugeuka, macho yako kwenye kahawa isiungue.

Nataka mjue kwamba hakufikiri. Safari hii ilimponyoka kweli.

Yaregal akachukua rundo, akalinyoosha, akaweka mkasi. Kisha mkasi ukasimama. Mimi nilikuwa namtazama yeye. Niliona macho yakishuka ukurasa mzima, polepole, kama asomaye barua ya msiba. Majina sita yamekatwa, la saba limebaki, jina lake, kwa mwandiko wa mwanamke anayempenda. Duara la penseli. Una hakika? Ndiyo. Libaki.

Mestawet akamimina kikombe cha kwanza, akageuka kumpa. Akaona karatasi iliyo mkononi mwake.

"Yaregal."

"Ulinijibu kwa neno moja," akasema. Hakupaza sauti. Afadhali angepaza.

"Nilitaka kukwambia leo. Kahawa ikiisha."

"Ulilijaribu. Uliyajaribu majina sita ya watu wengine, ukaona hayatoshi, ukachukua langu. Ulikaa ukafikiri."

"Nilifikiri siku kumi."

"Na mimi siku hizo kumi nilikuwa wapi?"

"Ulikuwa ukija Jumapili na mkate."

Yaregal akaikunja ile karatasi vizuri, pembe kwa pembe, jinsi anavyokunja netela ya mteja, akaiweka mfukoni.

"Jina ningesamehe," akasema. "Haki ya Mungu, ningesamehe, wewe ni mwandishi, nilijua ninamchukua nani. Lakini nilikuuliza. Nilimwagiwa maji siku saba nikalibeba swali moja tu, nikakuuliza."

"Nisamehe. Niliogopa."

"Uliogopa nini? Mimi?"

"Kukukosa."

Akasimama. Kahawa ya kwanza hakuigusa, ya pili ilikuwa bado, ya tatu, ile ya baraka, hata haijawekewa maji. Kwetu mtu haondoki kabla ya baraka. Alimbusu Mestawet kichwani, akaniaga mimi kwa heshima, akaondoka. Wazee hawakwenda popote.

Mestawet alimpigia simu siku arobaini. Mara moja tu ilipokelewa, na ilikuwa Mama Zenebech.

"Binti yangu," yule mama akasema, "mimi nimeshakusamehe. Yeye ndiye hawezi. Mwache apumzike."

Kitabu kingine hakuandika. Si kwamba hakutaka. Alikaa mezani kila asubuhi, akampa mtu jina, akaanza kumwombea, na ulimi ukarudi kwenye jina lile moja. Akakifunga kidaftari kwa uzi wake na kukitia sandukuni. Kazi aliyopata ni kusahihisha vitabu vya hesabu vya darasa la nne. Kanisani aliendelea kwenda, ila alisimama nje ya ukuta, majira yote, mvua na jua. Abba Sereke alimwambia mara nyingi aingie. "Bado, Abba," alijibu.

Ikapita miaka mitatu. Asubuhi moja ya Tikimt, jua safi la baada ya mvua, yuko pale ukutani, lango likafunguka wakatoka watu wenye furaha, wanawake wakipiga vigelegele. Katikati yao Yaregal, suti ya kahawia, mvi mbili tatu, mikononi kashika kichanga kilichofunikwa netela. Siku ya arobaini, siku ya ubatizo, mtoto wa kiume. Mkewe, mwanamke mpole wa uso wa mviringo, alikuwa akisaidiwa kuingia garini.

Yaregal akamwona. Angeweza kupita. Akaja.

"Habari za siku nyingi, Mestawet."

"Nzuri. Hongera." Akafunua netela kidogo kwa kidole kimoja, akamtazama mtoto aliyelala na unyevu bado nyweleni. "Anaitwaje?"

"Nahom," akasema Yaregal.

Jina lingine, lile alilopewa saa ile ile ndani ya maji, lilikuwa pale katikati yao, na Mestawet akaurudishia uso wa mtoto netela yake.

"Jina zuri."

"Bado unaandika?"

"Nasahihisha hesabu. Darasa la nne."

"Afadhali. Humo hakuna wa kuzikwa."

Akacheka kidogo, na mwanya ulikuwa pale pale. Mestawet naye akajaribu kucheka. Gari likapiga honi.

"Mniombee," Mestawet akasema. Kila mtu husema hivyo akiagana na mtu langoni mwa kanisa.

"Kwa jina gani?" Yaregal akajibu. Kila mtu hujibu hivyo. Kisha akasikia alichokisema, maana jina hilo aliwahi kuliomba hapo hapo, chini ya paa lile lile, katika mvua, akaambiwa angoje harusi.

Mestawet akamsogelea sikioni akalitaja.

Yaregal macho yakamlowa. "Miaka yote hii," akasema, "lilikuwa fupi hivi?"

"Fupi hivyo."

"Ngoja." Akampa Mama Zenebech mtoto, akawaambia wa garini wasubiri, akavua viatu na kurudi ndani ya kanisa peke yake. Alipotoka hakuja tena upande wa ukuta. Aliinua mkono kutoka mbali, akaingia garini. Mestawet alirudi nyumbani kwa miguu, akilia njia nzima bila kujificha.

Yale nisiyoyaona mwenyewe alinisimulia yeye, juzi, mbele ya kahawa. Hakujipendelea hata kidogo. Majina sita, uongo wa kwenye simu, hofu yake, aliweka vyote mezani. Nakala yangu ya kitabu ninayo, ukurasa wa mwisho una kipande cha karatasi, na sijawahi kukibandua, ingawa vidole vimewahi kuniwasha.

"Na lako je?" nikamuuliza. "Lile ulilompa ukutani. Mimi ni jirani yako miaka kumi na moja. Nami nikuombee."

Mestawet akanitazama, akatabasamu kidogo, akainua birika na kunijazia kikombe cha tatu.

"Kunywa," akasema. "Hiki ndicho cha baraka. Kitapoa."